Mama akila anatapika, tumbo limejaa, kamera imetoka safi. Naombeni mawazo kabla ya Alhamisi

Mgosi wa Pongwe
Habari za jioni wakuu. Mimi humu ni msomaji zaidi kuliko mwandishi, lakini leo nimebanwa.

Mama yangu ana miaka 67. Tangu Ramadhani hali chakula kikamtosha. Hamu anayo. Anakaa mkekani, anachukua matonge mawili matatu ya wali, anasema basi, nimejaa mpaka kifuani. Haipiti saa mbili anatapika, na kinachotoka ni wali uleule na maji ya kijani. Choo anapata baada ya siku nne, tano. Mikono imebaki mifupa, ila tumbo limetuna, na ukiliminya ni gumu.

Tumezunguka sana. Wa kwanza walisema vidonda vya tumbo, akapewa dozi ya wale wadudu, akaimaliza, hola. Akapigwa kamera ya mdomoni, safi. Altrasaundi ikaonyesha maji yamejikusanya mifukomifuko, daktari mmoja akataja TB ya tumbo. Sasa kuna daktari wa upasuaji kwenye hospitali nyingine, yeye anasema utumbo umeshikana na anataka kuufungua Alhamisi hii.

Swali langu ni dogo tu. Kuna ambaye mzazi wake amepasuliwa utumbo katika umri huo akatoka salama? Na mlimlisha nini baada ya hapo? Hajawahi kupasuliwa popote. Ana tatizo la figo kidogo, lakini hilo liko chini ya uangalizi.

Chumvi Nyingi
Pole sana mkuu. Hivyo ni vidonda, kamera huwa haioni vyote. Shemeji yangu alihangaika miaka, akaja kupona kwa juisi ya kabichi, glasi moja asubuhi kabla hajapiga mswaki. Kabichi mbichi, usichemshe. Leo anakula mpaka pilipili na anadaiwa hela na mtaa mzima.

Bint Makorora
Mgosi pole, Mungu amfanyie wepesi mama yetu. Hospitali na dua haviachani. Toa sadaka hata ya uji kwa watoto wa madrasa kabla ya hiyo Alhamisi. Na muulize mama mwenyewe anataka kupasuliwa au mmeamua nyinyi watoto?

Kinyozi wa Kata
Matonge matatu mtu anashiba? Huyo mama aje nyumbani kwangu aendeshe semina.

Bint Makorora
Kinyozi, kuna nyuzi za utani. Hapa si pake.

NesiZamu
Mleta uzi, "figo kidogo" ndiyo nini? Anameza dawa tu au anasafishwa?

Mgosi wa Pongwe
Anasafishwa damu. Jumatatu, Jumatano, Ijumaa, kila mara saa nne mfululizo kwenye mashine. Ila hilo madaktari wote wanalijua na halihusiani na tumbo, ndiyo maana sikuliweka mbele.

NesiZamu
Nani kakwambia halihusiani? Mtu wa mashine ana sababu kibao za kutapika. Sumu ikibaki nyingi anatapika. Vile vidonge vya kuzuia fosfeti, madini yanayotoka kwenye chakula, vinafunga choo mpaka mtu anadhani utumbo umekatika. Ukimtoa maji mengi kwa pupa, naye anatapika. Ameanza lini kusafishwa, na kabla ya hapo alikuwa anatibiwa wapi?

Mzee wa Mkonge
Kusafisha figo ni vita, vijana. Mdogo wangu alisafishwa miaka mitatu. Tunaamka saa tisa usiku tuwahi kiti, tukifika tunaambiwa maji ya mtambo yamekatika, rudini jioni. Shamba lilikwenda, ng'ombe wakaenda, na yule bwana bado alikuwa anataka gazeti kila asubuhi asome habari za Simba. Siku aliyofariki, gazeti lilikuwa chini ya mto. Samahani nimetoka nje ya mada. Mkuu, usimpasue mama yako, mgonjwa wa figo na kisu havipatani.

Mgosi wa Pongwe
Asante mzee. NesiZamu, alianza mashine mwezi wa nne mwaka jana. Kabla ya hapo alikuwa kwa dada yangu Uingereza, ana makazi huko, na walimhudumia vizuri. Naomba tusiende mbali. Nauliza upasuaji.

Mpemba Ughaibuni
Asalaam alaykum. Ndugu yangu, huko Uingereza mama alikuwa akisafishwa hospitali au nyumbani? Nna sababu ya kuuliza. Angalia pembeni ya kitovu chake, pana kovu dogo la duara?

Kinyozi wa Kata
Sasa tunakagua vitovu.

Jicho la Tatu
Wakuu mnapoteza bando. Hii ni chai. Bandiko la kwanza figo "kidogo", la pili mashine mara tatu kwa wiki, la tatu Uingereza. Kesho tutaambiwa alikuwa anasafishwa pamoja na Mfalme Charles. Kama amekuwa na figo mbovu kwa muda ambao mleta uzi hataki kuutaja, aliishije kabla ya mwezi wa nne? Kwa upepo?

Halafu huyuhuyu wiki mbili zilizopita alikuwa jukwaa la biashara anauza kiwanja Pongwe, "hati ipo, bei ya maelewano, nina shida ya haraka". Kiwanja kimekosa mteja, sasa mama anatapika. Ukurasa wa tatu mtaona namba ya simu ya michango. Mimi nimekaa pale.

Kinyozi wa Kata
Chai ya moto. Mwenye vitumbua atoe.

Chumvi Nyingi
Nilishangaa na mimi. Kabichi nimeitoa bure kabisa.

Mgosi wa Pongwe
Jicho la Tatu, Mungu akulinde yasikukute. Kiwanja nauza kwa sababu hii hii, unadhani hela ya kutanguliza hospitali inaota? Namba ya simu hutaiona.

Haya, nasema. Mama alianza kusafishwa 2015, ila si kwa mashine. Ni kwa maji ya tumboni. Walimwekea mrija pembeni ya kitovu, anaingiza maji anatoa, nyumbani kwa dada, kila siku. Miaka tisa. Mara mbili alipata maambukizi ya huo mrija, akalazwa, akatoka. Miaka miwili ya mwisho maji yakawa hayatoki sawasawa. Anaingiza lita mbili zinatoka lita mbili au pungufu, miguu inavimba, wakambadilishia mifuko mikali, bado. Mwezi wa nne mwaka jana wakang'oa mrija wakamhamishia kwenye mashine. Mwezi wa tisa nikaenda kumchukua. Nilisema hajapasuliwa kwa sababu ule mrija sikuuhesabu kuwa ni upasuaji, ni kitundu.

Madaktari wa hapa nimewaambia anasafishwa tangu mwaka jana. Ambayo ni kweli, kwa mashine.

Jicho la Tatu
Mama wa miaka sitini na kitu anajimwagia maji tumboni chumbani, bila daktari, miaka tisa? Mjomba wangu alisafishwa hospitali kubwa ya taifa, mashine ina ukubwa wa friji, mafundi wawili wamesimama. Chai hii hata sukari haina.

Mpemba Ughaibuni
Jicho la Tatu, sukari ipo, na ndiyo yenyewe iliyoleta matatizo. Tulia nikueleze.

Mume wangu alisafishwa kwa tumbo miaka minne hapa Northampton kabla hajapata figo ya kupandikizwa. Kila mwezi lori linakuja linashusha maboksi, chumba cha wageni kikawa hakiingiliki. Wakati wa kubadilisha maji dirisha linafungwa, feni inazimwa, ananawa mpaka kwenye kiwiko, anavaa barakoa. Mfuko mpya unalazwa juu ya sahani ya umeme upate joto, maana ukiyaingiza baridi anatetemeka. Unatundikwa juu, mfuko mtupu unawekwa chini sakafuni. Kwanza ya zamani yanatoka, halafu anafungulia mapya, lita mbili. Anaweka kizibo chenye ayodini, anavaa shati, anaendesha gari kwenda kazini na lita mbili tumboni, na hakuna anayejua. Mara nne kwa siku, Idi mosi na Idi pili. Tulifundishwa kuogopa mfuko uliotoka na ukungu. Ukiuona, unakimbia hospitali na mfuko wenyewe mkononi, wadudu wameingia.

Sasa yale maji si maji matupu, ni sukari. Utumbo wetu umefunikwa na utando mwembamba wenye mishipa midogomidogo ya damu. Sukari ikiwa upande mmoja wa utando na damu upande wa pili, sukari inavuta maji ya ziada na taka zinavuka nazo. Kwetu mfuko wa alama ya njano ulikuwa mwepesi, wa kijani wa kati, wa rangi ya chungwa mkali. Kila unapopanda kwenye ukali ndipo unavuta zaidi, na ndipo unauchosha utando zaidi. Nesi wetu alikuwa akiuona wa chungwa umetumika mara nyingi ananuna siku nzima.

Mama ameutesa utando huo miaka tisa, na maambukizi mawili juu yake. Utando unanenepa, unakuwa kovu. Kwa walio wengi inaishia pale kwamba maji hayavutiki, wanahamia mashine, basi. Kwa wachache kovu linaendelea, linauzingira utumbo wote na kuufunga kama kiwavi ndani ya kifukofuko. Utumbo haujinyooshi, chakula hakipiti. Matonge matatu, umejaa. Mgosi, mimi si daktari, lakini uliposema maji ya mifukomifuko na tumbo gumu, nywele zilinisimama.

Mzee wa Mkonge
Subhanallah. Sasa kwa nini sisi hatuna hicho kitu cha nyumbani? Mdogo wangu angesoma gazeti lake kwa raha.

Mgosi wa Pongwe
Mpemba, nashukuru. Ila hapo pana kitu hakiingii akilini. Mrija umetolewa mwaka jana. Mwaka mzima hajaingiza hata tone la hayo maji. Kama ni maji yaliyomuumiza, mbona alipokuwa anayatumia alikuwa anakula biriani, na alipoacha ndiyo anatapika? Ndiyo maana nasema havihusiani.

Daktari wa Zamu ya Usiku
Nimesoma tangu juu. Mimi ni daktari, si wa figo, na simtibu mtu kwa maandishi. Nitajibu hilo swali kwa sababu ndilo linalowapoteza hata wenzangu.

Ugonjwa huu wa kovu kuufunga utumbo, kwa Kiingereza encapsulating peritoneal sclerosis, mara nyingi hujitokeza baada ya mtu kuacha maji ya tumboni, akihamia mashine au akipandikizwa figo. Maelezo yanayotolewa ni kwamba maji yalipokuwa yakiingia na kutoka yalikuwa yanasafisha protini na vitu vya uvimbe kila siku, na yalikuwa yanautenganisha utumbo. Ukiyaacha, kilichobaki kinanata na kushikana. Kwa hiyo "aliacha mwaka jana" hakumtoi kwenye orodha. Kwangu mimi kunamweka juu kabisa ya orodha.

Ni nadra. Wajapani, ambao wamekuwa na wagonjwa wengi wa muda mrefu, waliwafuatilia chini ya Daktari Hideki Kawanishi wa Hiroshima, wakachapisha 2004. Kwa wote waliofuatiliwa ilikuwa 2.5%. Lakini ukiwapanga kwa miaka, waliokaa miaka mitano hawakufika hata mmoja kwa mia, waliokaa kumi walikaribia sita, na waliozidi 15 walikuwa zaidi ya 17. Kati ya walioupata, zaidi ya theluthi walifariki. Siandiki hayo kukutisha, naandika uone kwa nini miaka tisa si kitu cha kuficha.

Kuhusu Alhamisi. Je, amepigwa siti skani ya tumbo? Hiyo ndiyo inaonyesha utando ulionenepa, chokaa iliyojijenga juu yake, utumbo uliovutwa katikati. Daktari wako wa upasuaji anadhani anakwenda kukata kamba mbili tatu zilizoshika utumbo, kazi ya kawaida. Akikuta ganda limefunika utumbo wote bila kujiandaa, ni rahisi kuutoboa, na utumbo uliotoboka ndani ya ganda hilo ni balaa. Upasuaji wake upo, wanaubandua taratibu, saa nyingi, na wanaofanya ni wachache. Uingereza yote wamewaweka Manchester na Cambridge.

Na TB msiitupe. Nchi hii TB ya tumbo ni nyingi kuliko ugonjwa huu, na inafanana nao. Yale maji yavutwe yapimwe. Mojawapo ya dawa zinazotumika kwa kovu hili ni za jamii ya prednisoloni, zinazotuliza uvimbe lakini zinashusha kinga ya mwili, na hizo ukimpa mwenye TB ambayo hujaigundua umemmaliza.

NesiZamu
Nina miaka kwenye chumba cha mashine na sijawahi kumwona mgonjwa wa namna hii. Nitamwona wapi, wakati watu wazima wetu wote ni wa mashine? Ndiyo maana wenzangu hapo mkoani hawawezi kuuwaza kama hujawaambia. Mgosi, hao Waingereza hawamtoi mgonjwa mikono mitupu. Barua iko wapi?

Mgosi wa Pongwe
Ipo.

NesiZamu
Ipo wapi, na inasema nini?

Mgosi wa Pongwe
Ipo kabatini. Kurasa mbili. Imeandikwa kwamba wana wasiwasi na utando wa tumbo, kwamba apigwe siti skani kabla ya kusafiri, na akianza kutapika au kukonda apelekwe mara moja. Skani aliwekewa tarehe mwezi wa kumi. Mimi nilishakata tiketi za mwezi wa tisa.

Kabla hamjanirukia nisikilizeni. Mama alikuwa analia kila siku. Anasema sitaki kufia kwenye baridi nizikwe na watu nisiowajua. Dada anatoka kazini usiku, mama mchana kutwa na televisheni ya lugha asiyoijua. Mimi ndiye mtoto wa kiume pekee. Nilimuuliza daktari wa mashine hapa kama anaweza kupokelewa, akasema ndiyo. Dada alisema nikimchukua nisimpigie simu tena, na kweli hatujazungumza. Barua nikiitoa hapa, jambo la kwanza wataniuliza ni kwa nini nilimsafirisha, na la pili watasema mrudishe. Siwezi kumrudisha na hataki. Na huyu daktari wa upasuaji ni bingwa, amekwishafungua matumbo mengi, na nusu ya fedha nimelipa.

Bint Makorora
Mgosi, hakuna hapa atakayekulaumu kwa kumrudisha mama kwao. Lakini umeficha kwa nani? Kwa mtu atakayeshika kisu?

Kishoka wa Mikocheni
Mimi nitamlaumu. Mtoto wa kiume pekee, mtoto wa kiume pekee! Aliyembadilishia mama maji miaka tisa ni nani? Ni binti. Aliyenawa mikono mara nne kwa siku ni nani? Wewe ulikuja na tiketi. Mpigie dada yako simu usiku huu, umwombe radhi, maana tarehe za maambukizi, aina ya mifuko, kila kitu kiko kichwani mwake. Wewe unajua nini zaidi ya bei ya kiwanja?

Kinyozi wa Kata
Kishoka leo ameamka na shoka.

Mzee wa Mkonge
Swali langu halijajibiwa. Kwa nini Tanzania hatuna?

Daktari wa Zamu ya Usiku
Mzee, ipo kidogo. Hospitali ya KCMC kule Moshi wamekuwa wakiwasafisha kwa tumbo watoto ambao figo zimegoma ghafla, siku chache mpaka ziamke. Kwa siku chache hivyo kovu hili si la kuogopa. Kwa watu wazima wa kudumu kikwazo ni mifuko. Lita nane kwa siku kwa mtu mmoja, zote zinaagizwa nje, piga hesabu ya meli na bandari. Hong Kong tangu 1985 wanaanza na njia ya tumbo kabla ya mashine, na inawaendea vizuri. Watu wasiondoke hapa wakidhani ni njia mbaya. Wataalamu wa kimataifa hawajaweka hata kikomo cha miaka, wanasema kila mgonjwa apimwe kivyake. Aliyekaa miaka mitatu minne ana hatari ndogo mno.

Mzee wa Mkonge
Nimekuelewa. Bandari nazijua.

Jicho la Tatu
Bado nipo kwenye kiti changu nasubiri namba ya michango. Lakini hata kama umetunga, barua mpe daktari kesho asubuhi, usingoje Alhamisi. Na usimpe mapokezi, watakuambia imeingia kwenye faili. Piga picha, umwekee yeye mkononi.

Mgosi wa Pongwe
Mnadhani ni rahisi. Nikimpa barua leo na yeye akasusa, naanza na nani?

Daktari wa Zamu ya Usiku
Akisusa baada ya kuisoma, amekufanyia hisani kubwa.

Mpemba Ughaibuni
Ndugu yangu, hapo juu ya barua pana namba ya simu ya kitengo cha figo. Hao wanamjua mama kwa jina. Daktari wenu akiwaandikia watamjibu, hawamwachi mtu kwa sababu alipanda ndege. Wala hawatasema mrudishe kesho. Kwa hali uliyoieleza sidhani hata kama angefaa kukaa kwenye ndege saa zote hizo.

Chumvi Nyingi
Naomba niondoe kabichi kwenye rekodi. Daktari, je, dawa yake hasa ni nini?

Daktari wa Zamu ya Usiku
Kabichi kwa utumbo ulioziba ingemwongezea maumivu, umefanya vizuri kuiondoa. Kwanza ni kuupumzisha utumbo na kumlisha kwa mshipa, kwa sababu wengi wao wanaondoka kwa njaa kabla ya kitu kingine. Dawa za jamii ya prednisoloni, kama TB imetolewa. Tamoksifeni pia inatumika, ile ya saratani ya matiti, kwa sababu inapunguza ujengaji wa kovu. Ushahidi wake si mnene, ila vituo vingi vinaitumia. Upasuaji ni kwa ambao utumbo umeziba na hayo mengine yamegoma, na ufanywe na aliyewahi kuuona.

Mgosi wa Pongwe
Wakuu, narudi. Leo ni Ijumaa.

Jumatano asubuhi nilimpelekea barua. Sikuizungusha, nilimwambia hii nilikuwa nayo. Aliisoma amesimama mlangoni. Akaisoma tena amekaa. Aliuliza kitu kimoja tu, "miaka tisa?" Nikasema ndiyo. Akapiga simu idara ya picha, Alhamisi badala ya kisu mama akaingia kwenye siti skani. Utando umenenepa, una chokaa, utumbo mwembamba wote umevutwa katikati, na maji yamekaa kwenye vyumba vyumba. Alinionyesha kwenye kompyuta, chokaa inang'aa nyeupe kama mfupa mahali ambapo hapana mfupa. Alisema kwa uso mkavu, "Ningeingia hapa nisingetoka." Fedha yangu wanaihesabia kitanda.

Maji wameyavuta, yametoka na rangi ya damu, yamepelekwa kupimwa TB. Prednisoloni hawajaanza, wanangoja majibu. Amewekewa mrija wa pua, zimetoka zaidi ya lita mbili za kijani kibichi na usiku huo amelala mara ya kwanza bila kutapika. Daktari wa figo ameandika Uingereza na wamejibu siku hiyohiyo, wametuma karatasi zote.

Dada nimempigia. Hakunilaumu. Aliuliza mama amelalia upande gani, kwa sababu upande wa kushoto anapata kichomi. Sikuwa nakijua hicho.

Lakini bado nasema hivi, kumleta nyumbani sikukosea. Hata daktari wa figo amesema kovu hili lingekuja popote alipo.

Kishoka wa Mikocheni
Lingekuja, ila huko lingeonekana mwezi wa kumi. Haya, sisemi tena. Pole, na hongera kwa kupiga simu.

Jicho la Tatu
Picha ya skani iko wapi? Ficha jina.

Bint Makorora
Jicho, hebu muache mtu apumue.

Mgosi wa Pongwe
Picha siweki, ni tumbo la mama yangu. Nina swali jingine badala yake. Wanataka kumlisha kwa mshipa, na hospitali imesema mifuko ya chakula hicho hawana, nitafute Dar. Nimeambiwa inakaa kwenye baridi. Kuna anayejua inauzwa kwenye maduka gani ya dawa, na kama naweza kuibeba kwa basi?

NesiZamu
Usiinunue kabla daktari wa figo hajaandika aina. Mtu wa mashine hapewi mfuko wowote tu, kuna yenye potasiamu na fosfeti nyingi, moyo unaweza kusimama. Mwambie aandike karatasini jina, ujazo na kiasi kwa siku. Ipo inayokaa kwenye friji na ipo ya vyumba vitatu ambayo haihitaji friji mpaka uivunje na kuichanganya. Kwa safari ya basi omba hiyo ya pili kama ataikubali. Uliza hospitali kubwa za rufaa kwenye famasia zao kabla ya maduka ya mtaani, wao wanaihifadhi inavyotakiwa. Na mkono wenye ule mshipa wa kuunganishia mashine usiruhusu mtu autoboe kwa ajili ya chakula. Waweke mrija shingoni, na asiutumie mtu mwingine kwa damu wala dawa.

Mpemba Ughaibuni
Dada yako akihitaji mtu wa kumsemea na kitengo cha figo huku, mpe jina langu la humu. Nipo karibu.

Mgosi wa Pongwe
Nimempa. Mama anauliza nani huyu Mpemba anayejua kitovu chake.